Mfungueni Nepi, Mumtazame

Somo: Mwanzo 17:9–14 na Luka 2:21

Leo ninalo neno kwa kila nyumba yenye mtoto mchanga wa kiume: kwa mama aliyejifungua juzi, kwa bibi aliyetoka kijijini kuja kumwogesha mjukuu, kwa baba anayedhani kazi yake iliisha aliponunua pampasi. Neno lenyewe halisikiki madhabahuni, na najua wapo watakaokunja uso wakiliona limechapwa kwenye jarida la kanisa. Wakunje. Mwenye kuijua hatari na akanyamaza atatoa hesabu, na mimi hesabu hiyo siitaki.

Mungu alipofanya agano na Ibrahimu, mwili mzima wa mwanadamu ulikuwa mbele yake. Alama ya agano angeweza kuiweka kwenye paji la uso, kiganjani au sikioni. Akachagua govi la mtoto wa siku nane. Fungueni pia Injili ya Luka. Mwandishi huyu, ambaye Paulo katika Waraka kwa Wakolosai anamtaja kuwa tabibu, anatuandikia kwamba Mtoto wa Mariamu alitahiriwa siku ya nane, na wakati huohuo akapewa jina lake. Tabibu yule hakuzunguka kwa mafumbo. Kwa hiyo ilikuwapo siku ambayo Mwokozi wetu alifunguliwa nguo zake, akatazamwa, akashikwa na mkono wenye ujuzi. Mungu hakuona aibu kuliweka jambo hilo katika Neno lake. Sisi aibu tumeitoa wapi?

Tumeitoa Edeni. Walioshona majani ya mtini walikuwa watu wazima wawili waliokosa. Mtoto mchanga hajashona kitu. Amelala uchi kitandani, anarusha miguu, wala hajui kwamba yuko uchi. Ukimfungua nepi ukasikia haya, haya hiyo ni yako, na umemvika asiyeihitaji.

Kila asubuhi tunawakagua watoto wetu. Tunatazama macho kama yamegeuka manjano, utosi kama umebonyea, ulimi kama una utando. Tukifika chini ya kitovu tunafuta harakaharaka na kufunga. Wito wangu ni mmoja tu: na huko nako kutazamwe, kwa macho yaliyotulia, kwa mkono ulionawa, na kwa kinywa kisichomficha nesi kitu.

Hofu zisizo na msingi

Kabla sijasema cha kuogopwa, nitawavua mizigo ambayo Mungu hakuwatwika.

Mama, umeambiwa kwamba kitovu kikikatika na kuangukia uume wa mtoto, atakuwa hanithi. Umekaa macho usiku, umemlaza ubavu, umeweka vitambaa, umelia kilipodondoka nepini. Nakuambia leo: hakuna kitu. Kitovu kilichokauka ni kipande kilichokufa, hakina uwezo wa kutoa wala kuondoa nguvu za kiume. Umeambiwa tone la maziwa ya titi likimwangukia hapo, ndoa yake imeharibika. Ni uongo. Maziwa yale ni chakula chake, hayana laana. Umeambiwa kila alfajiri uchungulie kama uume umesimama, na usiposimama ukatafute dawa ya chango. Watoto wa kiume husimamisha tangu wakiwa tumboni, hasa kibofu kikijaa, na hilo ni jambo la kawaida. Asiposimamisha saa ile unayochungulia wewe, halijaharibika neno.

Tazameni ujanja wa adui katika jambo hili. Anatushughulisha na mahali kitovu kitakapoangukia, huku kitovu chenyewe kimepakwa majivu au kinyesi cha ng'ombe. Kidonda cha kitovu kilichochafuliwa ndicho kinacholeta pepopunda na sumu ya damu. Tumelinda kisicho na hatari, na mlango wa kifo tumeuacha wazi.

Yapo na mengine ya kuwatuliza. Mfuko wa korodani ukivimba kidogo siku za mwanzo, mara nyingi ni homoni za mama na misukosuko ya kuzaliwa, nao hunywea wenyewe. Ukiona doa la rangi ya chungwa au waridi kwenye nepi katika siku za kwanza, kwa kawaida ni chembe za chumvi za mkojo mzito. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na likiendelea, mpeleke akaonwe. Ukiona uume umezama kwenye mafuta ya kinena ukaonekana mdogo, usiuvute, usiupake dawa ya mizizi, usiuchue kwa maji ya moto. Mwonyeshe nesi. Mwili wa mtoto haurefushwi kwa mikono ya bibi.

Safari ya korodani

Sasa nisikilizeni vizuri zaidi, kwa kuwa hapa kazi ya Muumba ni ya ajabu na uzembe wetu ni mkubwa.

Korodani za mtoto hazianzii kwenye mfuko wake. Zinaumbwa juu tumboni, karibu na figo, kisha zinaanza kushuka. Kuelekea mwezi wa saba wa mimba zinapita kwenye njia nyembamba ya kinenani, moja kulia, moja kushoto, mpaka zinatua kwenye mfuko ulio nje ya mwili. Kwa nini nje? Kwa sababu mbegu za uzazi zinataka ubaridi kidogo, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la tumbo. Zikishatua, njia iliyo nyuma yake hujifunga. Nani aliyempangia mtoto safari hiyo, gizani, kabla hajaonwa na jicho lolote? Na ikiwa yeye alihangaika kiasi hicho na jambo dogo namna hiyo, wewe unashindwaje kulitazama?

Safari ikikwama, au njia isipofungwa, mtoto hupata tatizo moja kati ya matatu, na lolote kati ya hayo lina hukumu yake.

La kwanza ni korodani isiyoshuka. Kati ya wavulana 100 waliozaliwa kwa wakati wao, karibu 3 huzaliwa nayo. Kwa watoto njiti, wanaweza kufika 30. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo, na hapo kungoja ni halali. Lakini mtoto akitimiza miezi 6 na mfuko bado ni mtupu upande mmoja au pande zote mbili, kungoja kumekwisha. Baada ya hapo ni nadra mno kushuka yenyewe. Anatakiwa aonwe na daktari wa upasuaji, na operesheni ifanyike kati ya miezi 6 na miezi 18.

Nawasikia wazee wakisema itashuka akibalehe. Wazee wangu, nawaheshimu, lakini hapa nawapinga hadharani. Korodani iliyobaki ndani inapikwa na joto la mwili. Chembe zinazotakiwa kuzaa mbegu zinapungua mwaka hadi mwaka, na hatari ya saratani ya korodani ukubwani inaongezeka. Yule kijana wa miaka 28 anayezunguka hospitalini na mkewe wakitafuta mtoto, wakati mwingine jibu lake lilikuwa kwenye beseni la kuogea alipokuwa na miezi 6, na hakuna aliyetazama.

Tazama hivi. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, na akiwa bado ana joto, angalia mfuko. Usipime kwenye baridi, kwani baridi huzivuta korodani zikapanda, ukababaika bure. Zikionekana kwenye uvuguvugu na kupotea kwenye baridi, mara nyingi ni salama, ila mweleze daktari naye azifuatilie kila mwaka. Zisipoonekana hata kwenye uvuguvugu, andika tarehe na umwambie nesi.

La pili ni maji kwenye mfuko. Mfuko umevimba, ni laini, mtoto hana maumivu, ananyonya na kulala vizuri. Maji hayo ni ya tumboni yaliyopita kwenye njia ambayo haijafungwa sawasawa. Kwa watoto wengi hukauka kabla ya mwaka mmoja au kuelekea miwili. Ndugu zangu wa Tanga, Pwani, Lindi na Mtwara, najua mkiona uvimbe huo mnauita busha, mnakumbuka wazee wenu na mnaingiwa na hofu. Busha lile la watu wazima huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, wala halitokani na madafu kama mnavyoambizana. La mtoto mchanga si hilo. Mpeleke aonwe, mpewe tarehe ya kurudi, mngoje kwa utulivu. Lisipokwisha baada ya muda huo, au likijaa mchana na kupungua usiku, daktari wa upasuaji aamue.

La tatu ni ngiri, na hapa sina la kutuliza. Mtoto akilia au akijikamua, uvimbe unatokea kinenani au unashuka kwenye mfuko. Akilala, unapotea. Mama anafurahi kwamba umepona. Haujapona! Ni utumbo uliopenya kwenye njia iliyobaki wazi, ukarudi ndani. Wavulana huupata zaidi kuliko wasichana, na njiti zaidi kuliko wote. Msiuchanganye na ngiri ya kitovu. Ya kitovu kwa watoto wengi hujifunga yenyewe kabla ya miaka 4 au 5, na sarafu mnayomfunga tumboni haisaidii kitu. Ya kinenani haijifungi kamwe. Dawa yake ni upasuaji, na wakati wake ni sasa, utumbo ungali unatoka na kurudi. Siku utakapotoka na kukwama, damu haitaupitia, nao utaanza kuoza ndani ya mtoto wako ukiwa umembeba mgongoni.

Msilivute govi

Akina mama wa kuogesha, neno hili ni lenu. Govi la mtoto mchanga limeshikana na kichwa cha uume kama ukucha ulivyoshikana na nyama ya kidole. Daktari Douglas Gairdner aliandika mwaka 1949 kwamba kati ya watoto 100 wanaozaliwa, wale ambao govi lao linaweza kurudishwa nyuma lote ni 4 tu. Hao 96 waliobaki hawana ugonjwa. Govi huachia lenyewe kidogokidogo kwa miaka, na kwa wavulana wengine huchelewa mpaka karibu na kubalehe.

Sasa anakuja jirani mwenye ushauri. Anasema vuta, usafishe ndani, uchafu usikae. Unavuta, mtoto anapiga yowe, damu inatoka. Pale ulipopachana panaunga kovu, na kovu hilo ndilo linaloliziba govi kweli. Wakati mwingine govi linarudi nyuma na kukwama, linabana kichwa cha uume kinavimba, na hapo umetengeneza dharura kwa mikono yako mwenyewe, kwa nia ya kusafisha.

Osha nje tu kwa maji safi, kausha taratibu, funga. Hakuna spiriti, hakuna Dettol, hakuna dawa ya meno. Ukiona vichembe vyeupe chini ya ngozi ya govi, ni ngozi iliyokufa inayojikusanya wakati govi linaachia, itatoka yenyewe. Govi likivimba kidogo mtoto anapokojoa kisha likanywea, na mkojo unatoka vizuri bila kilio, mwache. Ila likiwa jekundu, likitoa usaha, au mtoto akilia kila anapokojoa, usimpake chochote. Twende hospitali.

Na hiyo nepi ibadilishwe! Mtoto halali na mkojo wa usiku kucha eti pampasi ni ghali. Ngozi iliyokaa kwenye mkojo na kinyesi hubabuka. Mwache wazi apigwe na upepo, mpake mafuta mazito ya kuzuia majimaji, na poda iache, maana vumbi lake huingia kwenye mapafu. Wekundu ukiingia kwenye mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogo, huenda ni fangasi, na fangasi wana dawa yao kwenye zahanati.

Chunguza tena kitu ambacho wengi hawakijui: unywele wa mama, uzi wa nepi, nywele za kusukia. Unywele mmoja ukijizungusha kwenye uume unaweza kubana mpaka ukakata njia ya damu. Mtoto analia na hakuna anayejua kwa nini. Mpeni maji ya chango, mpeni hirizi, hatanyamaza, mpaka atokee mmoja mwenye akili amfungue nepi na kutazama.

Kabla ya tohara

Sisemi msitahiri. Ibrahimu alimtahiri Isaka siku ya nane, ndugu zetu Waislamu wa pwani wanatahiri wachanga, na makabila yetu mengi yana desturi yake. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliipendekeza tohara ya wanaume mwaka 2007 ili kupunguza maambukizi ya Virusi vya Ukimwi, baada ya utafiti uliofanyika Kisumu, Rakai na Orange Farm. Ninachosema ni hiki: kabla ya kisu, macho!

Yuko mtoto ambaye tundu la mkojo halipo kwenye ncha ya uume. Lipo chini yake, katikati, au karibu kabisa na mfuko. Hutokea takriban kwa mvulana mmoja kati ya 250 hadi 300. Mara nyingi govi lake limejikusanya juu na chini halipo, na uume umepinda. Mtoto huyu asitahiriwe. Nasema asitahiriwe, hata kama mbuzi amekwisha kununuliwa na wageni wamekwisha kufika! Govi lile ndilo kitambaa ambacho daktari bingwa huhitaji kumtengenezea njia mpya ya mkojo, mara nyingi akiwa na miezi 6 hadi 18. Likishakatwa na kutupwa, kazi ya daktari inakuwa ngumu mara nyingi zaidi. Kuna watoto wanaofika hospitali za rufaa wakiwa wamekwisha kutahiriwa, na daktari anashika kichwa. Kosa la dakika tano linahangaikiwa miaka.

Kwa hiyo, kabla ya tohara ulizeni maswali haya. Tundu liko mahali pake? Korodani zipo zote mbili? Katika ukoo wa mama yupo mwanaume ambaye jeraha dogo lilimtoa damu isiyokata? Mtoto ni njiti, ana manjano, ana homa? Ikiwa yupo mwenye shaka, tohara ingoje. Agano la Mungu halivunjwi na busara. Na atakayekata awe mtu aliyesomea, mwenye vifaa vilivyochemshwa na dawa ya ganzi, kwa maana mtoto mchanga anasikia maumivu kama wewe. Baada ya hapo, utando wa manjano juu ya kidonda ni kawaida, nacho hupona kwa wiki moja hivi au zaidi kidogo. Damu isiyokata, usaha, homa, au mtoto kutokojoa kwa muda wa saa 12, rudi siku hiyohiyo.

Mkojo unasema

Tazameni mkojo unavyotoka. Mtoto mchanga anatakiwa akojoe ndani ya saa 24 za kwanza. Mvulana mwenye afya hurusha mkojo, na mama yeyote aliyewahi kulowa usoni akibadilisha nepi anajua ninachosema, amshukuru Mungu. Lakini yule ambaye mkojo wake unadondoka tone kwa tone, anayejikamua, ambaye tumbo la chini limejaa na ni gumu, huenda kuna utando unaoziba njia yake tangu tumboni. Ugonjwa huo ni wa wavulana peke yao. Mkojo ukirudi nyuma unabomoa figo, na figo zikibomoka hazijengeki. Asingoje kliniki ya mwezi ujao.

Tena, katika miezi ya mwanzo wavulana hupata maambukizi ya njia ya mkojo kuliko wasichana, na mtoto hawezi kusema panapouma. Ana homa, anatapika, amekataa titi. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi aende hospitali, na mkojo wake upimwe. Usimpe dawa za dukani ukadhani ni malaria au meno.

Na ikitokea amezaliwa mtoto ambaye mkunga akimtazama hawezi kusema kwa uhakika ni wa kiume au wa kike, au anaonekana wa kiume lakini korodani zote mbili hazipatikani, aonwe na daktari kabla hajatoka hospitali. Baadhi yao wana upungufu wa homoni unaowamaliza chumvi mwilini na kuwaua katika wiki chache za kwanza, hali dawa ipo. Msimfiche mtoto huyo. Msiseme ni mkosi. Kenya ilipohesabu watu wake mwaka 2019 iliwaandika watu 1,524 wenye maumbile hayo, na kila mmoja wao alizaliwa na mwanamke aliyembeba miezi tisa. Aliyemtupa mtoto huyo porini usiku ameua, na asitafute jina jingine la alilolitenda.

Saa ya kukimbia

Yapo mambo ya kungoja kliniki, na yapo ya kukimbia usiku, hata kama ni bodaboda, hata kama ni kwa mkopo. Kimbia ukiona uvimbe wa kinenani umekuwa mgumu na haurudi ndani, mtoto analia bila kukoma, tumbo limejaa, anatapika, na hasa akitapika kijani. Kimbia mfuko ukivimba ghafla, ukiwa mgumu, mwekundu au mweusi, maana korodani huenda imejinyonga, na kila saa inayopita ni sehemu yake inayokufa. Kimbia govi likikwama nyuma. Kimbia ukimkuta na unywele usioweza kuutoa. Kimbia asipokojoa kabisa. Usipite kwa mganga kwanza. Usingoje baba arudi safari. Usimpigie simu shangazi mpaka uwe njiani.

Wenye kusikia na watende

Farao alipoagiza watoto wa kiume wa Waebrania wauawe, waliosimama mbele yake walikuwa wakunga wawili, Shifra na Pua. Kitabu cha Kutoka kimetunza majina yao. Wauguzi na wakunga mnaonisoma, kazi yao mnayo ninyi. Mtoto akiletwa kupimwa uzito, mfungueni nepi. Watoto wanakuja kwenu kwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18 kwa ajili ya surua. Kati ya wiki ya 14 na miezi 9 akina mama wengi hulegea, na katikati hapo ndipo upo mwezi wa 6, mwezi wa kuamua habari ya korodani. Waambieni mapema warudi. Na msimtolee maneno makali mama anayeuliza. Akifokewa leo, kesho hatauliza.

Akina baba, acheni kusema hayo ni mambo ya wanawake. Ni mwanao wa kiume, ana mwili ulio sawa na wako, na mama yake huenda hajui cha kawaida ni kipi. Mwogeshe mwenyewe walau Jumamosi. Mkeo akisema ameona kitu, usimwambie anakuza mambo. Shika kadi ya kliniki mwende pamoja.

Wazee wa kanisa, nawageukia ninyi. Tanzania imeweka sera ya kuwasamehe watoto walio chini ya miaka mitano gharama za matibabu katika vituo vya serikali, lakini mama akipewa rufaa kwenda Muhimbili, KCMC au Bugando, sera hiyo haimlipii basi, wala chakula, wala godoro la kulalia. Sisi tunakaa vikao vya harusi miezi mitatu, tunachangishana kadi hadi kadi, ili watu wale pilau usiku mmoja. Niambieni, ni kikao gani kimewahi kukaa kwa ajili ya nauli ya mtoto mwenye ngiri? Usharika unaoshindwa kumsafirisha mtoto mmoja hospitalini usijisifu kwa ukumbi uliopambwa.

Na wewe, ndugu yangu mtu mzima ambaye haya yamekupita, uliyezaliwa na shida hii na hakuna aliyekutazama, sijakusahau. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia habari za towashi wa Kushi aliyekuwa akisoma garini. Filipo hakumuuliza habari za mwili wake. Alimbatiza njiani, naye akaenda zake akifurahi. Wewe si pungufu mbele za Mungu. Nenda kapime hata leo, kwa kuwa korodani iliyobaki tumboni kwa mtu mzima nayo inahitaji daktari. Kisha mwambie mdogo wako mwenye mtoto mchanga amtazame mwanawe.

Nimemaliza. Jioni ya leo maji ya uvuguvugu yatatiwa kwenye beseni. Nawa mikono, mfungue nepi, uhesabu korodani mbili, ulione tundu kwenye ncha, uupapase kinena, uutazame mkojo. Ukiona vyote viko sawa, mshukuru Mungu na umfunge. Ukiona kilicho tofauti, kesho asubuhi uwe kituo cha afya, na ukifika useme kwa sauti inayosikika: Nesi, naomba umwangalie mwanangu hapa. Amina.